Mahusiano ya binadamu na wanyama waliofungiwa

Mahusiano ya binadamu na wanyama waliofungiwa ni jinsi watu na wanyama walio chini ya uangalizi wao wanavyokutana, kugusana, kuangaliana na kuzoeana kila siku. Wanyama hao ni pamoja na wale wa bustani za wanyamapori, wa vituo vya kulelea yatima, wa maabara, na mifugo inayokaa bandani au zizini. Mahusiano hayo huathiri ustawi wa mnyama, yaani afya ya mwili wake pamoja na hisia zake, kama vile hofu, utulivu, maumivu na raha.

Mnyama wa porini akimwona mtu anaweza kukimbia. Mnyama aliyefungiwa hana nafasi hiyo. Mtu ndiye anayempa chakula, anayefungua mlango, anayemtibu, na wakati mwingine ndiye anayemtisha. Kwa sababu hiyo tabia ya mtu huyo huwa sehemu ya mazingira ya mnyama, sawa na maji, kivuli na malazi.

## Historia ya elimu hii

Mmoja wa wataalamu wa kwanza kulichunguza jambo hili kwa utaratibu alikuwa Heini Hediger (1908–1992) wa Uswisi, aliyeongoza bustani za wanyama za Bern, Basel na Zürich. Aliona kwamba kila mnyama ana umbali wake wa kukimbia: mtu akiuvuka, mnyama huondoka. Banda likiwa dogo kuliko umbali huo, mnyama asiyewazoea watu huishi katika hofu kila mtu anapokaribia, kwa kuwa hana pa kwenda.

Hediger alieleza pia kwamba mnyama anaweza kumchukulia binadamu kwa namna tano: kama adui, kama windo, kama mshirika, kama kitu kisicho na maana yoyote, au kama mwenzake wa spishi ileile. Namna hizo hazilingani. Mnyama anayemwona mtu kama kitu kisicho na maana anaweza kuishi kwa utulivu. Mnyama anayemwona mtu kama mwenzake anaweza kumpenda, lakini pia anaweza kupigana naye kama anavyopigana na mwenzake.

Kwa upande wa mifugo, mjadala ulikua nchini Uingereza baada ya kitabu cha Ruth Harrison kuhusu ufugaji wa viwandani (1964) na ripoti ya kamati ya Brambell (1965). Mwaka 1979 baraza la ustawi wa mifugo la nchi hiyo lilitaja "uhuru tano" wa mnyama: kutokuwa na njaa na kiu, kutokuwa na adha ya mazingira, kutokuwa na maumivu na magonjwa, kuweza kuonyesha tabia zake za asili, na kutokuwa na hofu.

Mwaka 1994 wataalamu wa New Zealand walitoa mfumo mwingine wa kupima ustawi, unaogawa maisha ya mnyama katika nyanja tano: lishe, mazingira, afya, tabia na hali ya akili. Mfumo huo ulipofanyiwa marekebisho mwaka 2020, mahusiano na binadamu yaliingizwa waziwazi kati ya mambo yanayopimwa.

## Jinsi mahusiano yanavyojengeka

Mnyama hukumbuka. Kila mara anapokutana na mtu hujifunza kama tukio hilo lilikuwa zuri, baya au la kawaida, na kumbukumbu hizo zikijumlika humfanya atarajie jambo fulani kutoka kwa mtu huyo. Baadaye anaweza kuhamishia matarajio hayo kwa watu wengine wote. Ng'ombe aliyepigwa na mchungaji mmoja anaweza kumwogopa hata daktari wa mifugo ambaye hajawahi kumwona.

Mambo mawili yana uzito mkubwa. La kwanza ni kutabirika. Mnyama anayejua kwamba mtunzaji huja saa fulani, kwa sauti fulani, na kufanya kazi fulani, huwa mtulivu kuliko yule asiyejua litakalompata. La pili ni uwezo wa kuchagua. Mnyama mwenye mahali pa kujificha, au anayeweza kusogea mbali na mtu, huvumilia kuwapo kwa watu kuliko yule asiye na mahali hapo, hata kama hatumii nafasi hiyo mara nyingi.

Hofu ya muda mfupi si lazima idhuru. Hofu isiyokwisha huongeza homoni za mfadhaiko kama kortisoli, hupunguza kinga ya mwili, na inaweza kuharibu ukuaji na uzazi. Watafiti hupima kortisoli katika damu, mate, mkojo au kinyesi. Pia huangalia tabia: mnyama kukaa kona moja, kukataa kula, kujing'oa manyoya au manyoya ya mabawa, kuzunguka njia ileile saa nzima, au kutikisa kichwa bila kukoma. Tabia hizo za kujirudia zinaweza pia kusababishwa na ufinyu wa banda au upweke, hivyo hazitoshi peke yake kuonyesha kwamba watu ndio chanzo.

## Mifugo

Katika kata kama Buhare iliyoko Manispaa ya Musoma, na katika vijiji vya wilaya za Bunda na Butiama, wanyama waliofungiwa ambao watu hukutana nao kila siku ni ng'ombe, mbuzi, kondoo na kuku. Hapo ndipo athari ya mkono wa binadamu inapoonekana kwa urahisi zaidi.

Ng'ombe hutoa maziwa kwa msaada wa homoni iitwayo oksitosini, ambayo hukaza seli zinazozunguka vifuko vya maziwa vya kiwele na kuyashusha maziwa. Ng'ombe akishtuka au akiogopa, mwili hutoa adrenalini, ambayo huzuia kazi hiyo. Maziwa hubaki kiweleni hata kama mkamuaji anajitahidi. Ndiyo maana wafugaji wengi wa ng'ombe wa asili humruhusu ndama anyonye kidogo kwanza, na hukamua mahali palepale, kwa mtu yuleyule. Ng'ombe anayefugwa bandani muda wote huathirika zaidi na tabia ya mtunzaji, kwa sababu hakuna saa ya malisho ambayo yuko mbali naye.

Nchini Australia, Paul Hemsworth na wenzake walichunguza kwa miaka mingi nguruwe, kuku na ng'ombe wa maziwa. Walionyesha kwamba mashamba ambako mifugo huwaogopa watu mara nyingi huwa na uzalishaji mdogo, na kwamba hofu hiyo hutokana na mambo madogo yanayorudiwa: kofi, kelele, kusukuma, kutembea kwa haraka kumwelekea mnyama. Walionyesha pia kwamba wafanyakazi wakifundishwa kubadili mtazamo na vitendo vyao, hofu ya mifugo hupungua.

Nchini Uingereza, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009 uliwauliza wafugaji 516 wa ng'ombe wa maziwa. Mashamba ambako ng'ombe walikuwa wakiitwa kwa majina yao yalikuwa na maziwa mengi zaidi, kwa wastani wa lita 258 kwa ng'ombe katika kipindi kimoja cha kukamuliwa. Hii haina maana kwamba jina lenyewe huongeza maziwa. Yaelekea mfugaji anayempa kila ng'ombe jina humfahamu mmoja mmoja, na hugundua mapema akiugua. Desturi ya kuwapa ng'ombe majina ni ya kawaida kwa jamii nyingi za wafugaji wa Afrika Mashariki.

Kanuni ya umbali wa kukimbia hutumika pia zizini. Ng'ombe akisogelewa kutoka ubavuni, mahali anapomwona mtu, huenda mbele taratibu. Akisogelewa ghafla kutoka nyuma kabisa, mahali asipoona, anaweza kurusha teke au kukurupuka. Temple Grandin wa Marekani alitumia maarifa ya namna hiyo kubuni njia za kupitishia ng'ombe kwenye machinjio bila kuwapiga.

## Watunzaji wa wanyamapori

Katika bustani za wanyamapori mtunzaji ndiye mtu anayekutana na mnyama mara nyingi zaidi. Uhusiano mzuri humwezesha kuona mabadiliko madogo ya hali ya mnyama. Pia hurahisisha matibabu, kwa kuwa mnyama anaweza kufundishwa kwa kupewa zawadi ya chakula ili atoe mguu, afungue mdomo, asimame juu ya mizani au aingie mwenyewe ndani ya kreti ya kusafirishia. Bila mafunzo hayo, kazi hizo huhitaji sindano ya usingizi au nguvu.

Ukaribu huo una hatari zake. Tembo, faru, nyani wakubwa na simba wanaweza kumjeruhi au kumuua mtu wanayemfahamu. Kwa sababu hiyo bustani nyingi za Ulaya na Marekani zimeacha desturi ya mtunzaji kuingia pamoja na tembo akiwa na fimbo yenye ndoano. Badala yake hutumia kizuizi: mtu yuko upande mmoja, tembo upande mwingine, na tembo anaweza kuondoka akitaka. Utaratibu huo humlinda mtunzaji, na wakati huohuo humpa mnyama uwezo wa kuchagua.

## Wageni

Wageni ni watu wasiofahamika, huja wakiwa wengi, na hupiga kelele. Tafiti kuhusu athari yao zimetoa matokeo tofauti. Kwa wanyama wengi wa jamii ya nyani, umati mkubwa na kelele huongeza ugomvi na kujificha. Kwa wengine wageni hawana athari inayoonekana, na kwa wachache ni kama burudani. Janga la UVIKO-19 lilipofunga bustani nyingi duniani mwaka 2020, watafiti walipata nafasi ya kulinganisha siku zenye wageni na siku zisizo nao. Hata hapo majibu yalitofautiana kati ya spishi na spishi, na hata kati ya mnyama mmoja na mwenzake wa banda moja.

Jambo ambalo wataalamu hukubaliana ni madhara ya kulisha bila utaratibu. Mnyama anayepewa karanga, ndizi au biskuti na wageni hupata lishe mbaya, hujifunza kuomba, na akinyimwa anaweza kunyang'anya au kuuma. Mara nyingi adhabu humwangukia mnyama.

## Mifano ya Afrika Mashariki

### Kisiwa cha Saanane

Saanane ni kisiwa kidogo cha Ziwa Viktoria karibu na jiji la Mwanza, kilichopewa jina la Mzee Saanane Chawandi aliyeishi hapo. Mwaka 1964 kilifanywa bustani ya wanyama ya kwanza ya serikali nchini. Wanyama kama nyati, pundamilia, twiga, tembo na faru walipelekwa huko ili wakazi wa Kanda ya Ziwa wajifunze kuhusu wanyamapori. Kisiwa kilitumika pia kama kituo cha kuwashikilia wanyama waliokuwa wakipelekwa Kisiwa cha Rubondo. Kilifanywa pori la akiba mwaka 1991, na mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa. Historia yake inaonyesha mabadiliko ya fikra: kutoka kuwaleta wanyama karibu na watu, hadi kuwapeleka watu mahali wanyama wanapoishi.

### Sokwe wa Rubondo

Kati ya miaka 1966 na 1969 Shirika la Wanyama la Frankfurt, lililoongozwa na Bernhard Grzimek, liliwaachia huru sokwe 17 katika Kisiwa cha Rubondo, kusini-magharibi mwa Ziwa Viktoria. Wengi walizaliwa katika misitu ya Afrika Magharibi, wakakamatwa wakiwa wadogo, na kuishi katika bustani na sarakasi za Ulaya. Baadhi yao walikaa kifungoni miezi michache, wengine miaka mingi. Hawakupewa mafunzo ya kurudi porini.

Wengi walijifunza kutafuta chakula na kutengeneza viota vya kulalia. Lakini hawakuwa na hofu ya watu. Madume wawili waliwashambulia watu na walipigwa risasi. Kwa sokwe hao ukaribu na binadamu, uliowasaidia kuishi kifungoni, ndio uliowaponza walipoachiwa.

Vizazi vilivyozaliwa kisiwani vilikuwa tofauti. Vilikua bila kulishwa na watu, vikawakwepa, na baadaye ilihitajika kazi ya miaka kadhaa kuwazoesha ili watafiti na watalii waweze kuwaona. Mfano wa Rubondo hutumika kuonyesha kwamba mazoea ya kifungoni hayarithiwi kama rangi ya manyoya. Hutokana na maisha ya kila mnyama.

### Ngamba na Entebbe

Nchini Uganda kituo cha Entebbe kilianzishwa mwaka 1952 kwa ajili ya wanyama yatima, na sasa ni kituo cha elimu ya wanyamapori. Sokwe walipozidi nafasi, mwaka 1998 kulifunguliwa hifadhi ya sokwe katika Kisiwa cha Ngamba, ambako walipelekwa sokwe 19 wa kwanza. Idadi yao imefika karibu 50. Wengi ni yatima waliookolewa kutoka kwa wawindaji na wafanyabiashara.

Sokwe wa Ngamba hushinda msituni, na jioni hurudi kulala ndani ya nyumba yao. Wageni huwaangalia wakilishwa kutoka kwenye jukwaa lililotengwa na uzio wa umeme. Kwa kuwa kisiwa hakina chakula cha kuwatosha, hulishwa kila siku, na majike hupewa dawa za kuzuia mimba. Kuwarudisha porini ni vigumu kwa sababu wamewazoea watu na hawana hofu nao, jambo ambalo ni hatari karibu na vijiji na mashamba.

### Tembo yatima wa Nairobi

Nchini Kenya Daphne Sheldrick (1934–2018) alijaribu kwa miaka mingi kuwalea ndama wa tembo wanaonyonya. Katika miaka ya 1970 alimlea ndama aitwaye Aisha, aliyekuwa ameshikamana naye peke yake. Sheldrick alipoondoka kwa muda kwa ajili ya arusi ya binti yake, ndama huyo aliacha kula akafa.

Kutokana na msiba huo utaratibu ulibadilishwa. Katika kituo kilichopo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, kilichoanzishwa na shirika lililoundwa mwaka 1977, ndama hulelewa na kundi la walezi wanaopokezana. Walezi hulala nao usiku mmoja mmoja kwa zamu, ili ndama awapende wote bila kumtegemea mmoja. Umma huruhusiwa kutembelea kwa muda mfupi tu kwa siku. Wakikua, ndama huhamishiwa Tsavo, ambako hukutana na tembo wa porini na kujiunga nao kidogokidogo kwa hiari yao. Baadhi ya majike waliokwisha kuzaa porini wamerudi na watoto wao kwa walezi wao wa zamani.

Hapa ukaribu ni tiba. Ndama aliyempoteza mama hawezi kuishi bila kugusana na wengine. Kazi ya walezi ni kumpa ukaribu huo kwa namna itakayomwezesha kuuacha.

### Faru wa Grumeti

Mwaka 2018 faru mweusi dume aitwaye Eric alisafirishwa kutoka bustani ya San Diego, Marekani, hadi eneo la Grumeti katika mkoa wa Mara. Mwaka 2019 faru weusi tisa waliletwa Serengeti na Grumeti kutoka Afrika Kusini. Katika safari kama hizo faru huzoeshwa kreti mapema, kisha huwekwa ndani ya boma kabla ya kuachiwa. Watunzaji hukabiliwa na kazi mbili zinazopingana: faru awe mtulivu mbele yao hadi safari iishe, lakini asibaki na mazoea yatakayomfanya amsubiri jangili.

## Magonjwa

Ukaribu hupitisha magonjwa kwa pande zote mbili. Mafua ya binadamu yanaweza kumwua sokwe, na kifua kikuu kimewahi kuambukizwa kutoka kwa watu hadi kwa tembo wa kifungoni. Mwezi wa Januari 2021 masokwe wakubwa aina ya gorila wa San Diego waligunduliwa kuwa na virusi vya korona. Hata wanyama wasiofungiwa hupata hatari hiyo wakizoeshwa watu: mwaka 1966 sokwe wa Gombe, mkoani Kigoma, walikumbwa na ugonjwa wa kupooza uliofanana na polio, wakati ambapo polio ilikuwapo pia kwa watu wa eneo hilo. Ndiyo sababu vituo vingi huwataka wageni wakae mbali, wavae barakoa, na wasiingie wakiwa wagonjwa.

## Sheria nchini Tanzania

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 hukataza ukatili dhidi ya wanyama, ikiwa ni pamoja na kuwapiga, kuwatesa na kuwabebesha mizigo kupita kiasi. Wanyamapori husimamiwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na mtu haruhusiwi kumfuga mnyamapori bila kibali. Kumchukua mtoto wa tumbili, swala au kasa ili kumfuga nyumbani ni kosa, hata kama nia ni njema.

## Njia za kupunguza madhara

* kumpa mnyama mahali pa kujificha na njia ya kuondoka mbele ya watu;
* kufanya kazi kwa saa zilezile na kumjulisha mnyama kwa sauti kabla ya kumfikia;
* kutumia zawadi badala ya kipigo katika mafunzo;
* kuwafundisha watunzaji kusoma dalili za hofu;
* kupunguza kelele na kuzuia wageni kulisha au kugusa;
* kuamua mapema kama mnyama atarudi porini, na kupanga kiasi cha ukaribu kufuatana na uamuzi huo;
* kumweka mnyama pamoja na wenzake wa spishi yake inapowezekana, ili binadamu asiwe rafiki wake pekee.

## Mjadala

Wapo wanaosema kwamba hakuna uhusiano mzuri unaoweza kufidia kukosa uhuru, na kwamba bustani za wanyama zifungwe. Wengine hujibu kwamba bila vituo hivyo yatima wangekufa, spishi zilizobaki chache zingetoweka, na watoto wa mijini wasingewaona wanyama wa nchi yao wenyewe. Pande zote mbili hukubaliana kwamba wanyama ambao tayari wako mikononi mwa watu wanahitaji kutendewa vema sasa. Hilo hutegemea kwa sehemu kubwa mtu anayefungua banda kila asubuhi.

## Tazama pia

* Ustawi wa wanyama
* Bustani ya wanyama
* Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo
* Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane
* Sokwe